Picha ya Bwaloni

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya chakula cha mchana

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu mlioweza kufika, ndugu zangu wa madarasa yote, wakubwa kwa wadogo, nanyi vijana wa kidato cha sita mliopewa kazi ya kutuhudumia leo:

Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze alinipa dakika ishirini na mada ya maneno mawili, "ile picha". Hakueleza picha ipi, wala hapakuwa na haja. Kila aliyekula maharage katika bwalo la shule hii anaijua. Ipo ukutani mkabala wa madirisha, juu ya meza ya viranja: kijana amelala kifudifudi anakunywa maji ya kijito, mbwa amesimama karibu naye, kondoo wanakwenda zao, na mbele yao shamba linang'aa kwa jua. Niliikuta nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1968, na leo asubuhi nimeikuta tena.

Sasa bwalo linakarabatiwa kwa michango yenu, na kamati imeletewa mapendekezo mawili. La kwanza lasema picha itolewe moja kwa moja, kwa sababu ni masalio ya ukoloni, na tena ni uongo: Uingereza ya majani mabichi na watu walioshiba, imetundikwa mbele ya watoto wa Kiafrika ili waitamani. La pili lasema isiguswe, ibaki palepale, kwa kuwa ni sehemu ya ujana wetu. Kura itapigwa baada ya chakula. Mimi nimetakiwa nieleze picha yenyewe ni kitu gani, ili mtu akinyoosha mkono ajue anaunyooshea nini. Nimefundisha historia kwa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nikizidisha hizo dakika ishirini, lawama ni za Katibu aliyenichagua.

Nianze na jina. Picha hii yaitwa The Cornfield, na jina hilo limewazungusha wengi, kwa kuwa sisi tulijifunza kwamba "corn" ni mahindi. Hivyo ndivyo wasemavyo Wamarekani. Kwa Mwingereza wa zamani neno hilo lilikuwa na maana ya nafaka yoyote iliyolimwa sana mahali pake, na katika wilaya ya Suffolk, mashariki ya Uingereza, nafaka hiyo ilikuwa ngano. Basi ni shamba la ngano. Aliyeichora ni John Constable, aliyezaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, mtoto wa mfanyabiashara wa nafaka mwenye vinu vya kusagia. Aliichora mwaka 1826 kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa, na ile ya asili ipo London katika jumba la National Gallery. Kimo chake ni sentimita 143, yaani inamkaribia mtoto wa darasa la sita. Yetu hii ni chapa, tena chapa ya bei nafuu, na habari ya chapa nitaifikia, kwa kuwa ndiyo iliyonigusa kuliko zote.

Lakini kwanza tuitazame. Ninasema tuitazame kwa sababu tuliishi chini yake miaka minne na nadhani wengi wetu tulikuwa tukitazama sahani.

Aliyenifundisha kuitazama picha hii alikuwa mtu asiyejua kusoma. Mwaka 1970 kaka yangu alisafiri kutoka kwetu Kondoa kuniletea blanketi na debe la karanga, na mwalimu wa zamu, kwa ubinadamu wake, akamruhusu aingie bwaloni kula nami. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa amewahi kufanya kazi nyingine ila kuchunga. Alikula kimya, macho yako ukutani. Halafu akasema, "Huyu atashtakiwa."

Nikamwuliza nani. Akanionyesha kwa kidevu. Tazama lango, akasema. Na kweli, pale njia inapoingia shambani pana lango la mbao, na lango hilo ni bovu, limeachana na bawaba, halizuii kitu. Nyuma yake ngano imeiva. Kondoo wamekwisha mpita kijana wanashuka njiani kulielekea lango. Mbwa, ambaye kazi yake ni moja tu, amegeuza kichwa anaangalia mambo mengine. Na mchungaji mwenyewe yuko chini, kinywa ki majini, mgongo umewaelekea wanyama. Pembeni punda na mwanawe wanakula majani ya ua bila mtu. Mtu wa mjini akiitazama picha hii huona amani. Aliyechunga huona kesi. Dakika tano tu, na jioni mwenye shamba yuko nyumbani kwenu na mashahidi wawili, anadai fidia.

Nimesoma baadaye kwamba wasomi wa Kiingereza nao wamelitambua jambo hilo la lango na mbwa, na wameliandikia kurasa. Kaka alilitambua kabla hajamaliza ugali wake. Nalitaja mapema kwa sababu ndugu yetu aliyeandika pendekezo la kwanza anasema picha hii haina ukweli wowote ndani yake. Ukweli wa uchungaji umo. Aliyeichora alikuwa amewaona wachungaji, na alijua kiu ya mchana inamfanya nini mtoto aliyepewa kondoo za watu.

Sasa nije kwenye ile njia. Wengi hawajui kwamba njia iliyomo katika picha ni ya kweli na ina jina, Fen Lane, nayo yatoka East Bergholt kushukia bonde la mto Stour kuelekea mji mdogo wa Dedham. Na Dedham palikuwa na nini? Palikuwa na shule. John Constable alipokuwa mtoto alisoma Dedham, na njia hii ndiyo aliyoipita kwa miguu kila siku, kama maili mbili kwenda na maili mbili kurudi. Kwa hiyo, ndugu zangu, picha ambayo kwa miaka hamsini na zaidi imetundikwa juu ya vichwa vya wanafunzi ni picha ya njia ya kwenda shule. Hakuna aliyetuambia. Pengine hata aliyeitundika hakujua, aliona kondoo tu akapenda.

Shuleni, kwa taarifa yenu, huyu Constable hakuwa hodari. Rafiki yake aliyeandika habari za maisha yake anasema sifa pekee aliyoipata ilikuwa ya mwandiko mzuri. (Naona wa dawati la nyuma wamefurahi.) Baba yake alitaka awe kasisi, ikashindikana, akamtia kwenye kazi ya kinu, na huko kwenye kinu cha upepo alijifunza kuyasoma mawingu, kwa kuwa mwenye kinu asiyeyajua mawingu hupoteza mabawa ya kinu chake. Hatimaye akaruhusiwa kwenda London kujifunza uchoraji, alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka ishirini.

Na hapa pana jambo la kuangalia. Picha hii ya shambani ilichorwa mjini. Mwaka 1826 Constable alikuwa mtu wa miaka karibu hamsini, mwenye mke mgonjwa na watoto wengi, anaishi London, na picha zake haziuziki vizuri. Alikuwa na michoro midogo aliyoifanya zamani kulekule kijijini, na kutokana na hiyo akaijenga hii kubwa ndani ya chumba. Alipotaka kuwa na hakika ya majani ya kando ya njia alisaidiwa na mtaalamu wa mimea, Henry Phillips, aliyemwandikia ni mimea gani huchanua mwezi wa Julai. Mnara wa kanisa mnaouona mbali ng'ambo ya shamba, haupo mahali pale, aliuweka yeye. Na kwa rafiki yake, padre John Fisher, aliandika kwa utani kwamba safari hii ametia dawa ya macho zaidi kidogo kuliko desturi yake, maana yake amependezesha ili watu wanunue. Hawakununua. Aliionyesha mara tano, London, Paris na miji mingine, na ikarudi nyumbani kila mara.

Kwa hiyo ule utulivu tuliokuwa tukiutazama haukuwa utulivu ulioonwa siku moja ya Julai ukachorwa kama ulivyo. Ulikusanywa kipande kwa kipande na mtu aliyekuwa mbali nao, mwenye shida za fedha, aliyeukumbuka utoto wake. Mimi silioni hilo kuwa aibu. Lakini tunapaswa kulijua, hasa tukijua na mambo yaliyokuwa yakitokea vijijini kwao wakati uleule.

Basi nisimulie yale ambayo hayamo ukutani. Vita vya Uingereza na Napoleon vilikwisha mwaka 1815. Askari wakarudi nyumbani, kazi hakuna. Mwaka huohuo Bunge la wenye ardhi likapitisha sheria ya kuzuia ngano ya nje isiingie mpaka bei ya ngano ya ndani ifike shilingi 80 kwa kipimo chao cha kwota, ili mkulima mkubwa asipate hasara. Mkate ukawa ghali kwa kibarua ambaye ndiye aliyeipanda ngano hiyo na kuivuna. Mwaka 1816 watu wa mashariki ya Uingereza walifanya ghasia wakidai mkate. Malisho ya pamoja ya vijiji, ambapo maskini alikuwa na haki ya kulisha ng'ombe wake mmoja au kuokota kuni, yalikuwa yakigawanywa kwa sheria na kuzungushiwa ua, East Bergholt pakiwemo. Na wakati wa baridi, kazi moja iliyokuwa ikimpatia kibarua ujira, yaani kupura ngano kwa mikono ghalani, ilianza kuchukuliwa na mashine.

Mwaka 1822, miaka minne tu kabla ya picha yetu, ndugu yake Constable aliyebaki kijijini kuangalia vinu alimwandikia kwamba hali ya Suffolk ni mbaya, kwamba haupiti usiku bila kuona moto, karibu au mbali. Ulikuwa moto wa maghala na mirundo ya nafaka iliyochomwa na watu wenye njaa. Constable naye akalirudia jambo hilo katika barua yake kwa Fisher. Alijua, basi. Mwaka 1830 moto ukawaka kusini na mashariki yote. Vibarua walivunja mashine za kupuria, wakapeleka barua za vitisho zilizotiwa sahihi ya mtu asiyekuwapo, "Captain Swing". Serikali ilijibu kwa mahakama: watu 19 wakanyongwa, na karibu 500 wakatiwa melini kupelekwa uhamishoni Australia. Wengi wao walikuwa watu wa aina ileile mnaowaona kwa mbali, vidoadoa tu, ndani ya shamba letu la ngano.

Wapo wasomi, mmojawapo John Barrell aliyeandika kitabu chake mwaka 1980, walioeleza kwamba katika picha za Constable kibarua huwekwa mbali na kufanywa mdogo kwa sababu akisogezwa karibu itabidi aonekane uso, na uso wa mwaka ule haukuwa wa furaha. Nawakubalia kwa sehemu kubwa. Constable hakuwa mtetezi wa vibarua. Alikuwa mtu wa chama cha wenye mali, na moto ule aliuogopa. Ndugu yetu wa pendekezo la kwanza ana haki katika hilo. Ila napenda aone kwamba walionyamazishwa katika picha hii si sisi. Ni maskini wa Uingereza wenyewe. Sisi tuliletewa picha ambayo kabla ya kutufikia ilikuwa imekwisha wapita watu wa kwao.

Nimefika kwenye chapa. Vijana wa kidato cha sita, sikilizeni hapa, maana hamtaifundishwa.

Picha ya rangi ya mafuta ni moja. Mtu asiyeweza kwenda ilipo, haioni. Zamani kabla ya kamera, njia ya kuieneza ilikuwa kumpa fundi aichonge juu ya bamba la madini, ipakwe wino, ichapwe kwenye karatasi. Fundi wa Constable aliitwa David Lucas, mtoto wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1802. Ufundi wake ulikuwa wa ajabu. Huchukua bamba laini na chuma kilichopinda chenye meno madogo mengi sana, akakitikisa na kukitikisa juu ya bamba, wima, mlalo, na mshazari, kwa siku nyingi, mpaka uso wote uwe na vinyweleo vya chuma kama kitambaa cha mahameli. Ukilipaka wino bamba hilo sasa hivi, utapata karatasi nyeusi tititi. Ndipo kazi inapoanza. Fundi huchukua kisu cha kukwangulia, akakwangua vile vinyweleo mahali anapotaka mwanga, kidogo kwa kijivu, zaidi kwa nyeupe, na pale anapotaka jua kamili hulainisha bamba mpaka ling'ae. Anaanza na usiku, anakwangua mpaka kunakucha.

Kuanzia mwaka 1829 au hapo karibu, Lucas alimchongea Constable mkusanyo wa picha ndogo za mashamba, mito na mawingu, uliotolewa kwa mafungu mpaka mwaka 1832. Constable aligharimia mwenyewe, na alikuwa bwana mgumu: kila karatasi ya majaribio aliirudisha na masahihisho, ongeza mwanga hapa, punguza pale, hapana, rudisha kama ilivyokuwa. Na kwenye kazi hiyo kilichokwisha kukwanguliwa hakirudi ila kwa kuanza kulitikisa chuma upya. Mkusanyo haukuuzika, ukawatia wote wawili hasara. Hata hivyo waliendelea, na mwaka 1834 ikatoka chapa kubwa ya The Cornfield, nyeusi na nyeupe, ya mkono wa Lucas. Mimi nimepata kuiona moja. Ngano yake haina rangi na bado unaona ni ya njano. Siwezi kueleza inakuwaje.

Ukumbukeni mwaka huo, 1834. Ni mwaka uleule Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria mpya ya maskini. Kabla yake kibarua mwenye shida alisaidiwa nyumbani kwake na kanisa la mtaa. Sheria mpya ikasema, mwenye nguvu akitaka msaada aingie nyumba ya maskini, akae humo, avae nguo za humo, afanye kazi ya humo, mume upande wake na mke upande wake, na watoto mahali pao. Zilijengwa ziwe za kutisha makusudi, ili mtu asiingie mpaka ameshindwa kabisa. David Lucas aliishi miaka 47 baada ya hapo. Constable alifariki mwaka 1837, kazi ya kuchonga kwa mkono ikapungua, Lucas akafukarika. Alikufa mwaka 1881 katika nyumba ya maskini ya Fulham, London.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mzee wa umri wangu. Mtu aliyelikwangua jua la shamba lile, kwa mkono, kwa miezi, akaliingiza katika nyumba za watu waliotaka kitu cha kutuliza macho baada ya kazi, aliishia mahali palipotungiwa sheria mwaka uleule wa kazi yake. Picha yake haikumlisha. Na picha yenyewe ikafaulu. Mara tu baada ya Constable kufa, marafiki zake walichanga fedha wainunue moja ya kazi zake walipe taifa. Walifikiria kwanza nyingine, yenye kanisa kuu la Salisbury na mawingu ya dhoruba, wakaiona kali mno. Wakachagua hii, kwa gini 300. Miongoni mwa waliochanga alikuwamo Michael Faraday, ndiye huyohuyo mliyemkariri katika fizikia. Tangu hapo imechapwa na kuchapwa. Mwaka 1996 National Gallery ilifanya maonyesho ya vitu vya nyumbani vilivyoazimwa kutoka kwa watu wa kawaida, vyote vikiwa na picha hii: sahani, karatasi za ukutani, na vinginevyo. Watu wale waliulizwa kwa nini wanaipenda.

Sisi hatukuulizwa. Lakini tungeulizwa, mimi ningejibu nini?

Baba yangu alikuwa na ng'ombe kumi na wanane, mbuzi wasiohesabika vizuri, na watoto wa kiume wawili. Mwaka 1960 ilipotoka nafasi ya shule ya msingi, maili nne kutoka kwetu, ilikuwa lazima mmoja wetu abaki na wanyama. Kwa haki nafasi ilikuwa ya kaka, ndiye mkubwa. Yeye akasema, "Mpeleke huyu, mimi ng'ombe wananijua." Alikuwa na umri wa miaka tisa. Mimi nikashika njia. Kila asubuhi nilimpita kwenye kijito akinywesha, na kila alasiri nilimpita tena.

Ndiyo maana nikiitazama njia ya Fen Lane siwezi kuona kondoo tu. Mchoraji ni yule aliyekwenda shule. Kijana aliyelala majini si mwanafunzi. Mwaka 1826 Uingereza haikuwa na sheria ya kumpeleka mtoto wa kibarua shule. Kulazimishwa kulikuja mwaka 1880. Yule yuko kazini, katika njia ya wanafunzi, na kila siku wanampita. Constable, alipokuwa mtu mzima na mwenye shida zake, alipotaka kuikumbuka njia yake ya shule, hakujichora mwenyewe na mkoba wa vitabu. Alimchora yule aliyempita. Na yeye mwenyewe, katika mazungumzo na marafiki, hakuiita Shamba la Ngano. Aliiita Kijana Anayekunywa Maji.

Hapa bwaloni tulikuwa mia tatu na ishirini, na naamini hakuna hata mmoja aliyefika bila kumwacha mtu kijitoni. Kaka, dada, binamu. Kwetu mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulikuja mwaka 1977. Kabla ya hapo familia zilichagua. Kaka yangu alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, miaka ya sabini, akiwa na watoto wake mwenyewe. Barua ya kwanza aliyoniandikia ilikuwa na mistari minne, na mitatu ilihusu ng'ombe. Alifariki mwaka 2009. Aliniuliza mara mbili au tatu katika maisha yake kama yule kijana wa bwaloni alikwisha shtakiwa.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anaangalia saa. Nimalizie na mambo ya kazi.

Leo asubuhi nilipanda juu ya benchi nikaikagua picha kwa kioo cha kukuzia. Ni chapa ya mashine, ya nukta ndogondogo za wino wa rangi nne. Wino wa njano na ule mwekundu haustahimili jua, na yetu imekaa mkabala wa madirisha miaka yote hii, kwa hiyo kizibao cha kijana ambacho kilikuwa chekundu sasa ni kama kijivu, na shamba zima limegeuka la buluu. Ikiachwa palepale, kama lisemavyo pendekezo la pili, baada ya miaka michache mtakuwa mmehifadhi fremu. Kioo kimepasuka pembeni, na nyuma mchwa wameonja ubao.

Kwa hiyo nawaomba wenye mapendekezo yote mawili wayaondoe, na badala yake mkutano ukubali hili: picha itoke bwaloni, iwekwe maktaba kwenye ukuta usiopigwa na jua, itiwe kioo kipya na ubao mpya nyuma, na chini yake kiwekwe kibao kidogo cha shaba chenye maneno haya: "Kijana Anayekunywa Maji. Njia ya kwenda shule, Suffolk, Uingereza. Ilichorwa na John Constable, 1826. Ilichongwa na David Lucas kwa ajili ya kuchapwa, 1834. Jina la kijana halijulikani." Ukuta wa bwalo utakaobaki wazi wapewe wanafunzi wa sasa wachore njia zao wenyewe za kuja shule, pamoja na wale wanaowapita.

Gharama ya kioo, ubao na kibao tumekwisha ipigia hesabu, na sisi wa darasa la 1971 tuliobaki, watu kumi na mmoja, tumechanga yote. Risiti anazo Mweka Hazina. Seremala yuko tayari Jumatatu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.